Kijiko Kimoja, Watu Wawili

Kijiko kikishushwa mtaani kuja kuchimba msingi, shughuli nyingine husimama. Mwenye duka hutoka nje, bodaboda huzima pikipiki, mtoto aliyetumwa chumvi husahau alichotumwa. Watu hujipanga ukingoni mwa shimo, mikono nyuma, mithili ya wakaguzi waliotumwa na wizara. Macho yote yako kwenye chuma: mkono unavyojikunja, ndoo inavyozama ardhini na kuibuka imejaa. Ni wachache wanaomtazama aliyekaa kwenye kebini. Na hakuna anayeuliza kama yupo mtu mwingine, wa chini, ambaye kazi yake ingekuwa kuwafukuza wote hao pale waliposimama.

Mara nyingi hayupo. Ukikodi kijiko kwa saa utaambiwa bei ya mtambo, utaambiwa kama mafuta ni juu yako au juu ya mwenyewe, utaambiwa na gharama ya loboi ya kukileta. Mtoa ishara hatajwi. Kwenye hesabu za saiti nyingi ndogo mtu huyo hana mstari wake, wakati ukweli ni kwamba mtambo mkubwa ni kazi ya watu wawili inayouzwa kwa jina la mmoja.

Tuanze na huyo mmoja wa juu, kwa sababu hata yeye hajulikani vizuri.

Kijiko cha kawaida kwenye saiti zetu kina uzito wa tani 20 au zaidi kidogo. Injini yake ya dizeli haisukumi mkono ule moja kwa moja. Inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ya haidroliki, na mafuta hayo yanakwenda kwenye silinda kwa shinikizo linaloweza kupita baa 300. Tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Nguvu yote hiyo inaongozwa na vishikio viwili vyepesi ambavyo mtoto wa darasa la pili anaweza kuvisogeza. Cha kushoto huzungusha mtambo kulia na kushoto, na huvuta au kusukuma mkono mdogo wa mbele. Cha kulia huinua na kushusha mkono mkubwa, na hukunja na kukunjua ndoo. Chini kuna pedali mbili za kuendesha cheni. Ni hayo tu, na mtu mwenye akili timamu anaweza kuyakariri kabla chai haijapoa.

Kuyafanya kwa pamoja ndiko kunakomaliza miaka. Mkono wa mbele unapovutwa hauendi katika mstari ulionyooka, unachora upinde. Kwa hiyo anayetaka sakafu ya mtaro iwe bapa hana budi kuvuta mkono mdogo, huku akiinua ule mkubwa na kisha kuushusha, huku ndoo nayo ikiendelea kubadili pembe yake, yote ndani ya sekunde nne au tano. Mwanafunzi hufanya moja, akasimama, akafanya la pili, na mtambo mzima hutikisika kwa kushtuka. Fundi huyachanganya yote matatu na huoni mahali moja linapoishia na jingine kuanza. Mtazame akimwaga kifusi kwenye tipa: anaanza kuinua akiwa bado anazunguka, na ndoo inafunguka ikiwa tayari iko juu ya bodi. Tipa haitikisiki.

Kuna mtego ambao watu wa nje hawaujui. Mpangilio wa vishikio nilioueleza ndio uliozoeleka zaidi, ule unaoitwa wa ISO, lakini si wa pekee. Katika mpangilio mwingine wa muda mrefu, wa SAE, mkono mkubwa uko kushoto na mdogo uko kulia, na mitambo ya zamani ya makampuni mbalimbali ilikuwa na mipangilio yake yenyewe. Soko letu ni la mitumba. Kijiko kimoja kimetoka Japani, kingine Ulaya, cha tatu kimepita Dubai na hakuna anayejua kilianzia wapi. Opareta anayehama mtambo hadi mtambo anaweza kubadilisha akili yake kwa dakika kumi, lakini mikono haibadiliki haraka hivyo. Likitokea la ghafla, mkono unafanya ulichozoea, na aliyekusudia kuinua ndoo hujikuta ameivuta kwake. Ndiyo sababu opareta mzoefu akipanda mtambo mgeni huinua ndoo tupu na kujaribu kila upande taratibu kabla ya kugusa udongo. Mwenye nyumba asiyejua huangalia saa na kunung'unika kwamba hela yake inaliwa.

Udongo nao una mambo yake. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani 2, na ndoo ya kijiko cha tani 20 hubeba karibu mita hiyo moja. Kiasi ambacho mtambo unaweza kunyanyua bila kuyumba hupungua kadiri mkono unavyonyooshwa mbali, na hupungua zaidi ukigeukia ubavuni, ambako cheni hazina urefu wa kuushikilia. Jedwali la uzito hubandikwa ndani ya kebini. Kwenye mitambo mingi ya mitumba jedwali hilo limefutika kwa jua, limebanduka, au limeandikwa kwa herufi za Kijapani.

Cheni ni uvumbuzi wa kuheshimiwa. Benjamin Holt wa Stockton, California, alijaribu trekta yake ya cheni mwaka 1904, kwa sababu matrekta ya magurudumu yalikuwa yakizama kwenye mashamba laini ya eneo lile. Cheni hutandaza uzito. Ukigawa tani 20 kwa eneo lote la cheni, kila sentimita ya ardhi inabeba mzigo usiotofautiana sana na wa unyayo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Mtambo unapita juu ya tope bila kuzama, opareta anajenga imani, kisha anausogeza hadi ukingoni mwa mtaro aliouchimba mwenyewe, mahali ambapo udongo hauna tena kitu cha kuegemea ubavuni. Kwenye udongo mweusi wa mbugani hali ni mbaya zaidi: kiangazi unapasuka nyufa za kutosha kuingiza mkono, masika unavimba na kuteleza. Ukingo uliobeba mtambo jana saa nane mchana unaweza usiubebe leo asubuhi baada ya mvua ya usiku.

Mtambo ukianza kulala, mwili wa binadamu unataka kuruka nje. Huo ndio uamuzi unaoua. Kebini ya mtambo wa kisasa imejengwa kwa nguzo za kustahimili kupinduka, na mahali salama ni ndani yake, mkanda ukiwa umefungwa. Anayeruka hurukia upande ambao chuma kinaangukia, kwa kuwa ndiko mlango ulikoinamia. Mkanda huo, kwa bahati mbaya, kwenye mitambo mingi umekunjwa nyuma ya kiti, umejaa vumbi, kwa hoja kwamba kijiko hakikimbii.

Na umeme. Nguzo zetu za mitaani hubeba nyaya za kilovolti 11 na 33, na mkono wa kijiko ulioinuliwa huzifikia bila shida. Ukigusa waya, opareta anatakiwa abaki ndani na kila mtu akae mbali mpaka umeme ukatwe. Akilazimika kutoka kwa sababu ya moto, asishuke kwa ngazi, maana atakuwa ameshika chuma na kukanyaga ardhi kwa wakati mmoja. Anaruka mbali, miguu imebana pamoja, na anaondoka kwa kurukaruka au kuburuza nyayo bila kupiga hatua. Ardhi yenyewe ina umeme unaopungua kadiri unavyokwenda mbali, na hatua moja ndefu inatosha kuupitisha mwilini. Hili lafaa kufundishwa hata kwa wanaokodi, kwa sababu wa kwanza kukimbilia kumwokoa opareta huwa ni mwenye nyumba.

Sasa tushuke chini.

Kutoka kwenye kiti, opareta wa kijiko anaona vizuri mbele na kushoto. Kulia kuna mkono mkubwa unaoziba. Nyuma kuna uzito wa chuma uliowekwa kusawazisha mtambo, na uzito huo huzunguka kila mara mkono unapozunguka, kwa upande ulio kinyume. Mtu aliyesimama kati ya uzito huo na ukuta wa jirani anadhani yuko salama kwa kuwa ndoo iko mbali naye. Opareta anageuka kumwaga kifusi, na nafasi iliyokuwa ya mita moja na nusu inakuwa sentimita ishirini. Opareta hasikii chochote. Injini inanguruma, na mtambo unaovunja mwamba hauwezi kumwambia kwamba umekutana na kitu laini.

Mtoa ishara yupo kwa ajili ya nafasi hiyo. Kanuni zake hazizidi vidole vya mkono mmoja. Mmoja tu ndiye anayetoa ishara, ili opareta asipokee amri mbili. Anasimama pale anapoonekana. Opareta akimpoteza machoni, anasimamisha kazi bila kungoja kuambiwa. Ishara ya kusimama, peke yake, inaweza kutolewa na mtu yeyote, hata muuza maji, na lazima itiiwe. Zinafundishika asubuhi moja. Lakini kwa uzoefu wa saiti zetu, mtu huyu ni yeyote aliyekosa kazi nyingine saa ile: utingo wa tipa, mlinzi wa usiku ambaye hajalala, kijana aliyekuja kuulizia kibarua. Dakika tano baadaye ametumwa kuchukua koleo. Opareta anabaki na vioo, na vioo hivyo, kama havijavunjika, vinamwonyesha vumbi.

Nikisema kwamba tunanunua chuma na kumsahau mtu, sizungumzii tabia ya juzi. Mfano mkubwa kuliko yote hapa Tanzania una umri wa karibu miaka themanini, na mahali pake ni Kongwa, Dodoma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua ardhi na kurudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliubeba kwa nguvu zote. Kazi ilianza Kongwa 1947, na baadaye Urambo na Nachingwea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka, kwa hiyo yakanunuliwa mabaki ya vita, mengi kutoka Ufilipino, yaliyokuwa yamekaa kwenye mvua na chumvi. Yaliteremshwa Dar es Salaam na kupandishwa bara kwa reli. Vichaka vya Kongwa, ambavyo kwa mbali huonekana vyepesi, vilikuwa na mizizi iliyopinda vyuma. Mibuyu ilikuwa na nyuki. Udongo wenyewe ulikuwa na mchanga mkali uliokula meno ya majembe, na mvua ilipokatika ukakauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikuweza kung'olewa. Kiwanda cha Vickers kilichukua vifaru vya Sherman, kikaving'oa mizinga, kikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, nayo yakashindwa. Njia iliyofanya kazi kuliko nyingi ilikuwa ya kimaskini: mabuldoza mawili yakienda sambamba, katikati yakiburuza mnyororo mzito wa meli, yakilaza kichaka.

Waliopewa kuendesha walikuwa watu wa Ugogo na mikoa mingine, wengi hawajawahi kugusa usukani, wakafundishwa harakaharaka na kupandishwa. Mashine ziliharibika, vipuri vilikuwa Uingereza, mafundi walikuwa wachache. Vitabu vya wakoloni vilipenda kumlaumu dereva Mwafrika. Mimi naona lawama hiyo ni uvivu. Mpango uliohesabu matrekta kwa mamia, na ekari kwa mamilioni, haukuhesabu muda unaohitajika ili mtu mmoja aujue mtambo mmoja kwenye udongo mmoja. Msimu wa kwanza zilipandwa ekari zisizofika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufunga mradi, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Kongwa ikageuka ranchi ya ng'ombe, na miaka ya 1960 ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Yalipotokea hayo, waliobaki na faida halisi ya karanga walikuwa wale madereva na mafundi walioondoka na ujuzi mikononi.

Njia ya kuingia kwenye kebini haijabadilika sana tangu hapo. Kijana huanza akiwa utingo. Kazi yake ni kufuta vioo, kubeba madumu, kupiga grisi. Kupiga grisi ndiyo shule ya kwanza, na si ya dharau: kila pini na bushi ya mkono ina tundu lake, na aliyezungukia matundu yote kila alfajiri kwa mwaka mzima anaujua mwili wa mtambo kuliko mwenye mali. Anajua pini ipi imeanza kulegea, cheni ipi imenyooka kupita kiasi, mafuta yanavuja wapi. Mchana, opareta akienda kula, kijana hupanda akasogeza udongo kidogo. Jioni anaruhusiwa kukiegesha. Mwaka wa tatu anaachiwa mtaro usio na umuhimu. Wengi wa maopareta bora ninaowajua kwa kazi zao walipita humo.

Shida ya shule hiyo ni kwamba inarithisha na makosa. Chukua hili la uvujaji. Utingo huona mvuke mwembamba ukitoka kwenye paipu ya haidroliki na kupapasa kwa mkono kutafuta tundu, kama alivyomwona mkubwa wake akifanya. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la ukubwa wa sindano kwa shinikizo lile hupenya ngozi. Kidonda chake ni kidoa kisichouma sana, na mtu huendelea na kazi. Kumbe mafuta yameingia ndani ya kidole na yanaua nyama. Anahitaji upasuaji siku hiyohiyo, vinginevyo atapoteza kidole au mkono. Tundu hutafutwa kwa kipande cha boksi, injini ikiwa imezimwa inapowezekana. Mtu hawezi kulijua hilo kwa kutazama, lazima aambiwe.

Vyuo vipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina vyuo vinavyofundisha uendeshaji wa mitambo, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza kazini. Huo wa pili ndio ningeupigia debe kuliko wa kwanza. Kijana wa darasani anatoka na cheti na saa chache za mtambo, kwa kuwa dizeli ni ghali na wanafunzi ni wengi kwa kijiko kimoja. Mzee wa saiti ana saa elfu kumi na hana karatasi. Mkandarasi mkubwa anataka karatasi. Mkandarasi mdogo anataka mtu wa bei rahisi. Wote wawili wanapishana na yule waliyemhitaji.

Ukitaka kuona ujuzi ulivyo, usitazame kijiko. Tazama greda.

Kuchonga barabara ya changarawe kunaonekana ni kukwangua tu. Barabara hiyo isipokuwa na mgongo, maji hukaa katikati, magari huyakanyaga, na wiki mbili baadaye kuna mashimo. Mgongo unaotakiwa ni mwinamo wa sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 6 inapaswa kuwa juu katikati kwa sentimita 12 hadi 18 kuliko kingo zake. Opareta wa greda anaupata mwinamo huo kwa kisu kirefu kilichoning'inia katikati ya mtambo unaotembea, juu ya ardhi ambayo magurudumu yake ya mbele yanaikanyaga ikiwa bado ina mabonde. Kila gurudumu likiingia bondeni, kisu nacho kinataka kushuka. Anakirudisha kabla hakijaacha alama. Analaza magurudumu ya mbele upande mmoja ili udongo unaosukumwa usiuvute mtambo kwenye mtaro. Kwenye greda za zamani kuna vishikio vingi vidogo kuzunguka usukani, kila kimoja na kazi yake: kuinua kisu kushoto, kuinua kulia, kukizungusha, kukisogeza pembeni, kulaza magurudumu, kukunja kiuno. Fundi haviangalii. Wapo wanaosema wanakisikia kisu kwa makalio, na ninaamini ndivyo ilivyo, maana kiti ndicho kinacholeta habari za ardhi mapema kuliko macho.

Hata fundi huyo hana la kufanya akipelekwa kuchonga barabara kavu Agosti bila boza la maji wala mtambo wa kushindilia. Atatandaza vumbi. Litapendeza siku ya uzinduzi, kisha litapeperuka. Wananchi watasema greda imeharibu barabara, na diwani ataomba greda nyingine.

Migodini mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Kwenye machimbo ya wazi ya Kanda ya Ziwa, malori ya kubebea mawe huchukua tani 90 na zaidi kwa safari moja, na dereva wake amekaa juu kiasi kwamba gari dogo likisogea karibu na tairi lake la mbele linapotea kabisa machoni. Kwa hiyo magari madogo humo hubeba bendera kwenye mlingoti mrefu, taa inayozunguka, na redio. Hakuna anayesogelea lori kabla dereva hajaitika redioni na kusimama. Huko pia utawakuta wanawake wengi kwenye usukani kuliko utakaowakuta kwenye saiti yoyote ya mtaani. Vishikio havihitaji misuli, na wasimamizi wa migodi waligundua kwamba wengi wao wana mkono mwepesi kwenye breki na gia. Opareta aliyefukuzwa mgodini kwa kukiuka kanuni moja kati ya hizo anaweza kesho yake akawa anachimba msingi katikati ya nyumba za watu huku watoto wakimzunguka, na hakuna atakayemuuliza.

Sheria haijakosekana. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Kenya ina yake ya 2007. Tanzania ina pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008. Ila vyombo hivyo vinamtambua mwajiri. Kijiko kilichokodiwa kwa saa tatu kina mwenye mali, dalali, opareta wa kutwa na mwenye kiwanja. Akiumia mtu, kila mmoja wa hao wanne atamwonyesha mwenzake kidole.

Zipo siku ambazo kazi hii hupimwa mbele ya taifa zima. Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoishukia Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80, mitambo ilipelekwa kufungua barabara na kuondoa tope lililokuwa limefunika nyumba. Novemba 2024 jengo la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo, saa za mwanzo zilikuwa za nyundo na mikono mitupu, na chini ya zege kulikuwa na watu hai waliokuwa wakiwasiliana na waokoaji.  Kuleta mitambo ni jambo moja, kuitumia ni jingine. Kwenye kifusi cha jengo, kila bamba la zege linashikilia jingine, na ndoo inayonyanyua upande huu inaweza kuangusha upande ambao opareta haoni. Anafanya kazi kwa sentimita, mkono ukiwa umekaza, akisimamishwa kila baada ya muda ili kuwe kimya na watu wasikilize. Saa hiyo hana macho yake mwenyewe. Ana ya mtu wa chini, na hapo hakuna anayethubutu kumtuma mtu huyo koleo.

Siamini kwamba kompyuta zitatuondolea tatizo hili karibuni. Australia, kwenye machimbo ya chuma ya Pilbara, malori yasiyo na dereva yamekuwa yakifanya kazi kwa miaka zaidi ya kumi. Huko barabara ni zao peke yao. Mtaani kwetu, kijiko kinagawana uchochoro na mama ntilie, bomba la maji ambalo halipo kwenye ramani yoyote, na shimo la choo lililofukiwa na mwenye nyumba wa zamani bila kumwambia mtu. Shimo la namna hiyo limemeza cheni ya kijiko zaidi ya mara moja. Jirani mzee analijua lilipo. Mtoa ishara mwenye akili huanza kazi kwa kumtafuta jirani huyo.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuchimba msingi mwezi ujao, ukishapatana bei, usiishie hapo. Muulize opareta ameendesha mtambo huuhuu kwa muda gani, si vijiko kwa jumla. Mwombe akuonyeshe mkanda wa kiti ukifunga. Tembea naye kuzunguka kiwanja kabla injini haijawashwa, mkiangalia nyaya juu na mfuniko wowote chini, na mkubaliane udongo utarundikwa wapi, mbali na ukingo wa shimo, ili usirudi ndani pamoja na ukuta. Funga kamba kuzunguka eneo lote, kamba yoyote, ya katani inatosha. Mwisho, uliza nani anatoa ishara, analipwa na nani, na kama anajua kwamba hatatumwa kitu kingine mpaka jioni. Ukijibiwa kwamba atakuwa mtoto wa jirani, lipa gharama ya loboi na ukirudishe kijiko kilikotoka.